Siku moja maishani mwangu: mfungua geti wa rodeo

Saa kumi alfajiri niko zizini na tochi kichwani, nahesabu maksai. Hapa ni Colorado, na tajiri wangu hukodisha mifugo kwa waandaaji wa rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata mifugo. Watu wakisikia neno kauboi wanaona kofia na farasi. Mimi naona kinyesi, ndoo za maji na mageti ya chuma. Nimezaliwa Monduli, baba yangu mfugaji. Ng'ombe nimewajua kabla ya herufi.

Kufikia saa mbili asubuhi mifugo yote imeshushwa uwanjani, nje kidogo ya Denver. Wikiendi hii ni rodeo ya wapenzi wa jinsia moja.

Nyasi tuliahidiwa saa mbili hiyo hiyo. Saa tatu, hakuna. Saa nne napiga simu, naambiwa lori liko njiani. Saa tano linafika, dereva anaona getini bendera ya upinde wa mvua, alama ya wapenzi wa jinsia moja, anazima injini. Ndani haingii. Marobota arobaini anayashusha kando ya barabara, mita kama mia mbili kutoka zizini, jua la Julai likiwaka, nami nina toroli moja lenye gurudumu bovu. Kamba za robota zinakata vidole hata ukivaa glovu. Yeye amekaa kivulini mwa lori lake, anataka maongezi: "Wewe mtu wa ng'ombe kweli, unawafanyiaje kazi hawa? Hawa si makauboi." Robota la kumi na tano, bado anaongea. Sikumjibu. Kwetu mtu anayetazama mifugo ikishinda njaa ili apate kusema maneno, hatumwiti mwanamume.

Mama mmoja aliyejiandikisha kupanda fahali akaja kunisaidia, mabuti miguuni, akabeba moja kila mkono. Kwenye rodeo kubwa za kawaida mwanamke hapewi fahali. Humwona zaidi akizungusha farasi kwenye mapipa. Hapa wanaume na wanawake hushindana katika michezo yote, na juu ya fahali unatakiwa kudumu sekunde 6 badala ya zile 8 za kule.

Mzee mmoja wa hapa alinieleza jinsi rodeo hizi za wapenzi wa jinsia moja zilivyoanza, mwaka 1976, Reno, Nevada. Mwanzilishi wake, Phil Ragsdale, alitaka kuchangisha pesa za hisani, lakini wenye mifugo wakamkatalia. Mwishowe alipata ng'ombe 5, ndama 10, nguruwe 1 na farasi mdogo 1. Mwaka 1988 fainali zao zilizuiwa kwa amri ya mahakama huko Fallon, washindani wameshafika. Habari hiyo ya kunyimwa ng'ombe ndiyo iliyonikaa moyoni. Nikipakia maksai alfajiri, huwa naikumbuka.

Mchana saa sikuziangalia tena. Fungua geti, funga geti, rudisha maksai, mwagilia vumbi. Kuna mchezo wa kumvisha mbuzi chupi, watu wanacheka. Kuna mwingine wa timu ya watatu, mwanamume, mwanamke, na mmoja aliyevaa nguo za jinsia nyingine. Huyo lazima ampande maksai mpaka avuke mstari. Hapo pia wanacheka, lakini maksai haoni gauni. Nimemwona mtu akiburutwa na mnyama wa zaidi ya kilo 200, wigi limebaki nyuma, na kamba hakuiachia.

Jioni akaja kijana mmoja ninayemfahamu kutoka rodeo zile nyingine. Kule haongei, hutema mate chini, hukunja uso kama wenzake. Leo nilimwona akifungwa bandeji na mpenzi wake nyuma ya zizi, kichwa chake begani mwa mwenzake. Alinivuta pembeni, sauti chini.

"Kaka, Jumamosi ijayo kule, hukuniona hapa."

Nikamwambia sijamwona. Iliniuma kusema hivyo, maana nilimwona, na sijawahi kumwona akiwa mtulivu namna ile. Huyu hupanda farasi asiyefugika kwa mkono mmoja, halafu anaogopa watakachosema wenzake wa kule kwenye meza ya chakula cha mchana.

Nimefika nyumbani usiku, vidole havikunjiki. Marobota yamebaki kumi na moja, yatatosha mpaka kesho mchana. Jumamosi kule, nitakayemfungulia geti ni yeye.