Siku yangu moja kama afisa habari wa hospitali kubwa ya kufundishia

Nianze na hili maana naulizwa kila siku: mimi sio daktari, siwezi kukuangalizia majibu ya vipimo vya shangazi yako, na siwezi kukurusha foleni. Mimi ni afisa habari. Watu wanachojua ni kwamba nasimama na kamera pembeni wageni wakikata utepe. Ipo hiyo, siikatai, ila siku ya utepe kwangu ni kama likizo. Siku za kawaida ziko hivi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nashika simu kabla ya mswaki. Kuna grupu la WhatsApp la manesi wa zamu, la mafundi, la walinzi, la viongozi, na nimo kwenye yote kwa sababu habari hazinifuati, mimi ndio nazifuata. Usiku wa leo jenereta ilijaribiwa, lifti ilikwama ikafunguka, na kuna mtu kaegesha gari mbele ya mlango wa emajensi akaenda zake. Halafu kuna voisi inazunguka mtaani kuhusu damu, nitaifikia.

Saa moja asubuhi kikao. Wanafunzi wamejipanga ukutani na makoti yao meupe bado yana mikunjo ya pasi, intani, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, aliyekesha anasoma ripoti ya usiku macho mekundu, na daktari bingwa anamtwanga maswali utadhani mwenzie katoka kulala. Mimi nakaa karibu na mlango. Magonjwa ya watu hayanihusu na hata nikiyasikia yanaishia palepale, mimi nasikilizia mambo ya maji, vitanda, mashine iliyokufa. Sasa leo kikao kinaisha, watu washafunga madaftari, mtu anasema tu kama kakumbuka kitu kidogo, "halafu jamani kliniki ya mifupa kuanzia leo iko jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza."

Kuanzia leo! Na mimi ndio nasikia muda huo, pamoja na wanafunzi.

Fikiria nani wanakuja kliniki ya mifupa. Watu wa magongo, watu wa plasta mpaka pajani, bibi aliyebadilishiwa nyonga, mtoto anayebebwa. Wengine wameondoka kwao usiku ili wawahi namba. Kadi zao zinasema jengo la mbele. Kutoka pale mpaka jengo la nyuma kwa mtu mzima wa miguu ni mwendo mfupi tu, kwa mtu wa magongo ni safari, na ile njia ya mkato ina ngazi.

Nikakimbia ofisini nikaandika tangazo. Kliniki ya mifupa imehamia jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza. Usipite kwenye ngazi, pita kulia kwenye maabara utakuta lifti. Ukishindwa kutembea mwambie mlinzi akuitie kiti cha magurudumu. Basi, imeisha. Herufi kubwa, mshale mkubwa, na mchoro wa mfupa kwa ajili ya asiyesoma.

Ila tangazo la hospitali halibandikwi mpaka lisainiwe na lipigwe mhuri, na sababu yake naielewa, karatasi moja yenye kosa inaweza kumpeleka mgonjwa pabaya. Nikaanza kuzunguka. Mkuu wa idara akasema huwezi kuandika kliniki ya mifupa, andika Idara ya Upasuaji wa Mifupa na Majeraha, jina kamili. Sawa. Mwanasheria akataka tuseme hospitali haitawajibika kwa usumbufu wowote, nikamuuliza usumbufu upi tena mbali na huu, akanitazama tu. Sawa. Utawala wakasema haiwezi kuanza hivihivi kama meseji ya mtaani, lazima ianze na "Uongozi wa hospitali unapenda kuutaarifu umma", kwa hiyo mshale wangu ukasukumwa chini, ukasukumwa tena, ukahamia ukurasa wa pili. Hebu niambie nani anabandika mshale ukurasa wa pili. Katika wote niliowapitia ni matroni peke yake aliyesoma kama mgonjwa. Alisoma kimya akaniambia, "Mwanangu, chumba cha plasta hakijahama. Anayekuja kutolewa plasta abaki hukuhuku mbele, usije ukawapandisha bure." Jambo la maana kuliko yote na kwenye kikao hakuna aliyelitaja. Nikaliongeza. Aliyebaki kusaini mwisho yuko kwenye mkutano, simu yake imezimwa.

Wakati huo watu wanazidi kujaa mlango wa mbele. Nikaprinti lile la kwanza na maneno ya matroni, nikabandika na selotepu. Narudi baada ya muda mfupi halipo. Mlinzi kalikunja vizuri kaliweka mfukoni. "Dada, halina mhuri." Na yuko sahihi, kuna waraka unakataza kubandika karatasi yoyote isiyo na mhuri, tuliutoa baada ya matapeli kubandika namba za simu za kuuza dawa kwenye kuta zetu. Aliyeuandika waraka huo ni mimi.

Ndio nikasimama mlangoni mwenyewe. Digrii ya mawasiliano ya umma, kitambulisho shingoni, na mkono umenyooka kama kibao cha barabarani. Shikamoo mzee, kliniki imehamia nyuma. Pole mama, unakuja kutoa plasta au kumwona daktari? Plasta ni hapahapa. Daktari ni nyuma, usipite huko kuna ngazi. Hapana bibi, huko ni maabara, ipite tu. Mwanzoni nilikuwa natabasamu.

Halafu akaja kaka mmoja anamsukuma mama yake kwenye kiti, na simu keshaiwasha ananirekodi. Anasema kwa sauti ili foleni nzima isikie, ona hawa, wanahamisha hospitali usiku wagonjwa hawajui, huyu dada wamemweka hapa kutudanganya. Nikamwomba ashushe simu kwa sababu nyuma yangu kuna wagonjwa na hawajakubali kurekodiwa, akasema unaficha nini. Nikarudia. Akageuza kamera kwa wagonjwa kabisa! Hapo mlinzi akasogea nikamwambia subiri, maana ukimgusa mtu anayerekodi, siku yako yote iliyobaki itakuwa hiyo video. Nikamwambia kaka, kuhusu kliniki una haki ya kukasirika na mimi nimekasirika kukuzidi, nipe mama nimsukume mimi mpaka juu tunaongea njiani. Nadhani hakutegemea, simu akaishusha.

Njiani ndio akatoa la moyoni, na wala halikuwa kliniki. Mara ya mwisho mama alipolazwa, watoto wa shule walimzunguka kitandani, kila mmoja anamshika goti, wanaandika. "Mama yangu sio wa kujifunzia." Malalamiko haya nayapata kuliko yote, kuliko foleni, na ukweli anayo hoja. Nikamweleza kwamba mwanafunzi hamtibu mtu peke yake, anauliza, anapima, anaripoti kwa daktari anayemsimamia, na anayeamua ni bingwa. Kwamba mama anatakiwa kuulizwa kwanza, na akisema sitaki, wanaondoka na matibabu yake hayapungui hata kidogo. Akasema hakuna aliyemuuliza. Hapo sikumtetea mtu, nikamwambia nipe siku na wodi nilifikishe kwa matroni, nikaandika.

Mama mwenyewe alikuwa kimya njia nzima. Tumefika kwenye lifti akasema, "Mimi wale watoto sina shida nao. Ndio walioniuliza usiku nalala vipi." Mwanae akakosa la kusema, na mimi pia, lifti ikaja.

Niliporudi chini kulikuwa na watu wapya wa magongo wamejazana, nikaendelea. Chakula cha mchana sikukiona.

Baada ya hapo saa zinachanganyika, najua tu ilikuwa alasiri. Ile voisi ya damu imefika kwa mwandishi wa habari anataka kauli yangu sasa hivi. Voisi inasema benki ya damu imekauka na watu wanafukuzwa. Nikaenda benki ya damu kuuliza badala ya kukanusha kichwakichwa, na ndio utaona kwa nini kazi hii haifanyiki ukiwa kwenye kiti. Majokofu yana damu. Zilizoisha ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na wagonjwa wa saratani walio kwenye dawa kali wanazihitaji sana. Chembe nyekundu zinakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 6 na zinaweza kufika siku 42 kutegemea na dawa iliyo kwenye mfuko. Chembe sahani haziwekwi kwenye jokofu la aina hiyo, zinakaa nyuzi 20 mpaka 24 kwenye mashine inayozitikisa muda wote, na baada ya siku 5 hivi ndio basi. Kwa hiyo damu ipo na damu hakuna, vyote kweli kwa wakati mmoja. Jaribu kuliweka hilo kwenye kichwa cha habari. Nilimwandikia mwandishi aya fupi, nikamwomba asikate sentensi ya kuomba wachangiaji waje wiki nzima kidogokidogo badala ya kufurika siku moja. Kaikata. Bahati nzuri kwenye ukurasa wetu ipo nzima, na kabla ya jioni wale wa benki wakanitumia meseji kwamba watu wameanza kufika, na wengine wanauliza kabisa "zile za kutikiswa". Hiyo meseji nimeihifadhi.

Kati ya hayo nilipanda wodini kupiga picha ya dada mmoja anayeruhusiwa baada ya kulazwa muda mrefu, mwenyewe ndio aliomba, anataka wenzake wenye ugonjwa kama wake wamuone ametoka. Fomu ya ridhaa akaisoma yote, wachache wanaisoma. Picha yenyewe sekunde, halafu kazi ni kukagua nyuma yake: ubao wenye majina ya wagonjwa, faili limeachwa wazi, uso wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilipiga tena amegeukia dirishani. Kuna intani alitaka kuweka selfi yake ya thieta kwenye ukurasa wake, nikamwonyesha kwamba kwenye skrini nyuma yake jina la mgonjwa linasomeka, akafuta mbele yangu, kijana mzuri ila kachoka.

Jioni nilitakiwa nimalize jarida la mwezi. Nikatupa ukurasa wa salamu za viongozi, watanisamehe, nikaandika kwa nini kuna wanafunzi kitandani kwako: kwamba kufundishia wodini badala ya darasani tu ni jambo ambalo daktari William Osler alilisimamia sana pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, miaka ya 1890, na kwamba una haki ya kusema hapana. Hilo la haki nimeliweka juu kabisa. Najua litarudi na wino mwekundu.

Ofisi zimefungwa, wafagizi wananipita, ndio simu ikalia: tangazo limesainiwa. Kurasa mbili, mhuri wa bluu safi, mshale kwenye ukurasa wa pili. Kliniki ilishafungwa zamani. Nikaprinti, kurasa zote mbili nikazibandika sambamba ili mshale uonekane, mlinzi wa zamu ya usiku akalisoma taratibu mpaka mwisho akaniambia, "Hili sasa ndio tangazo."

Niko kwenye gari narudi, grupu la mafundi likatoa mlio. Lifti ya jengo la nyuma kesho asubuhi itazimwa kwa matengenezo mpaka saa nne. Nikamjibu fundi asante kwa kuniambia mapema, na namaanisha, halafu nikampigia matroni kabla hajalala kumuuliza kama chumba cha chini cha lile jengo kina viti.