Swali la anayeanza Python

Tangu nianze kuwasaidia wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimeona kwamba kinachomkwamisha zaidi anayeanza ni woga wa kuuliza jambo analodhani wenzake wote wanalijua. Juzi kijana mmoja alisema tu kwamba programu yake "haifanyi kazi", nasi tukamwomba anakili ujumbe wote wa kosa pamoja na mistari aliyoiandika, kwa sababu mstari wa mwisho wa ujumbe huo ndio hutaja aina ya kosa. Kumbe alikuwa akifuata kitabu cha zamani: katika Python 2 amri ya print, ya kuonyesha maandishi kwenye skrini, iliweza kuandikwa bila mabano, lakini katika toleo la 3, lililotoka mwaka 2008, mabano ni ya lazima. Kitabu chenyewe hakikuwa kibaya, ila huduma za toleo la 2 zilisitishwa mwanzoni mwa 2020, na mgeni hana namna ya kulijua hilo peke yake. Aliyemjibu ni mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia kidogo tu, tena kwa upole kuliko sisi wakongwe, ambao haraka yetu ni kumwambia mtu akasome mwongozo. Sasa tunamwomba kila anayeuliza ataje kwanza toleo analotumia.