Jejune: neno la uchapwa lililozaliwa na saumu

Kamusi ndogo zitakupa maana moja tu ya neno la Kiingereza "jejune": chapwa, isiyo na msisimko. Si kosa, ila inaficha utamu wote wa neno hili, na pia mtego wake.

Asili yake ni Kilatini, ieiunus, yaani mwenye tumbo tupu: aliyefunga, au ambaye hajatia kitu kinywani tangu aamke. Warumi wenyewe ndio walioanza kulivuta mbali na chakula. Udongo hafifu usiootesha kitu ukaitwa hivyo, na Cicero, msemaji mashuhuri wa Kirumi, akalitumia kwa usemi mkavu. Kiingereza kililipokea mwanzoni mwa karne ya 17, na maana ya njaa ikafifia. Iliyodumu ni ile ya maandishi au mawazo yasiyoshibisha. Hapo ndipo linapotofautiana na "boring": kitu "boring" kinakuchosha, ilhali kitu "jejune" unakimaliza na bado una njaa.

Ndugu zake wametapakaa. Sehemu ya kati ya utumbo mwembamba, yenye urefu wa takriban mita 2.5, huitwa jejunamu kwa sababu wapasuaji wa kale kila walipofungua maiti waliikuta tupu. Wagiriki walikuwa wameshaiita nestis, "iliyofunga", na Kilatini kikatafsiri tu. Kitenzi cha Kilatini cha kukatisha mfungo, disieiunare, kiliwazalia Wafaransa maneno mawili ya mlo kwa mpigo, déjeuner na dîner, na kutoka hilo la pili Waingereza wakapata "dinner". Ukikumbuka kwamba sisi nasi tuna kifungua kinywa, utaona mantiki yake mara moja.

Sasa mtego. Leo utakutana na "jejune" likimaanisha "ya kitoto, isiyokomaa". Maelezo ya kawaida ni kwamba watu walilisikia wakadhani linatokana na neno la Kifaransa jeune, kijana. Hilo ni tawi la iuvenis, "kijana" kwa Kilatini, ukoo mwingine kabisa. Ndugu wa kweli ni jeûne, saumu, lenye kijikofia juu ya u. Alama moja ndogo namna hiyo! Wengine huliandika hata "jejeune", kosa linaloonyesha wazi walikokuwa wakiwaza. Kamusi kubwa siku hizi huorodhesha maana zote mbili, kwa hiyo kumsahihisha mtu hadharani ni kujisumbua.

Kwa mfasiri, kazi ni kujua ipi imekusudiwa. Tazama nomino inayofuata. Likikaa na mtindo, hotuba au insha, jaribu kwanza "kavu" au "chapwa". Likikaa na mzaha, tabia au matumaini, "ya kitoto" ndiyo hufaa mara nyingi. Penye "jejune ideas" ("ideas" ni mawazo) maana zote mbili zinaingia, na sentensi yenyewe haitakuokoa. Soma aya nzima uone kama mwandishi analalamikia uhaba wa hoja au uchanga wa mwenye hoja. Ukiwa wewe ndiye unayeandika Kiingereza, mahali kama hapo chagua neno jingine.

Matamshi: ji-JUUN, mkazo nyuma, e ya mwisho haisikiki. Wala usilitumie kwa kisu butu, rangi iliyopauka au siku ya mawingu. Hizo ni kazi za "dull".