Skafu ya Juve pale Superga

Niseme mapema kabisa, mimi ni Juve, yaani Juventus, klabu ya mji wa Torino, Italia. Tangu enzi za Zidane na Del Piero, nikiwa mtoto Morogoro, tunalipa tunakaa chini kwenye banda la video mzee wa banda anatufokea tusitingishe waya. Kwa hiyo mdogo wangu aliyeko masomoni Torino aliponiambia kaka jichange uje unione, mimi kichwani nikaona uwanja wa Juve tu, yeye nilimuona baadaye.

Nilifika Novemba 2023. Baridi ya kule jamani isikieni tu kwa watu. Chai ya maana hakuna, kuna kahawa ya funda moja unainywa umesimama kaunta kama umekuja kuulizia njia, na kila kitu ukikipiga kwa shilingi unataka kukirudisha. Siku mbili za kwanza niliziishia Juve, nikazunguka uwanja, nikapiga picha na makombe, nikanunua skafu nyeusi na nyeupe euro 25, karibu elfu sabini ya kwetu kwa kitambaa cha shingoni. Nikaivaa palepale, siku ya tatu nilikuwa nayo bado maana ilikuwa inanisaidia na ule upepo.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, mdogo wangu akasema twende mlimani Superga, kuna kanisa kubwa la zamani na mji wote unauona kutoka juu. Tukaenda mpaka Sassi ndo unapopandia kitreni cha zamani chenye meno katikati ya reli, kinapanda taratibu kama dakika ishirini hivi msituni. Chini kulikuwa na kajua, katikati ya mlima ukungu ukaanza, tunafika juu, mita zaidi ya 600, mji hauonekani, kanisa lenyewe unaliona nusu. Nikamwambia mdogo wangu pesa yetu ya nauli ndo imeenda hivyo. Akasema ngoja, twende nyuma ya kanisa.

Nyuma kuna njia nyembamba inazunguka ukuta, unatembea huku kushoto kwako ni jengo na kulia kwako ni mteremko, halafu ghafla unakutana na jiwe. Lina picha ya timu na majina yamechongwa. Pembeni skafu zimefungwa kila mahali, za klabu ya Torino, wapinzani wa Juve hapohapo mjini, zile za rangi ya damu ya mzee, na za timu nyingine za nchi mbalimbali, zingine mpya, zingine mvua na jua vimezichakaza mpaka maandishi yamefutika. Na maua, na mishumaa ile ya ndani ya glasi.

Mbele ya jiwe alikuwa amesimama mzee mmoja, kofia mkononi kwenye baridi ile, midomo inacheza kama mtu anayesoma dua. Tukakaa pembeni tumsubiri. Alipogeuka macho yake hayakuja usoni kwangu, yalikuja shingoni. Hakusema kitu. Mdogo wangu akanibana mkono, na hapo ndo nikakumbuka nimevaa nini.

Nilivua ile skafu haraka nikaishindilia kwenye begi, nikasema samahani mzee, kwa Kiswahili, ndicho kilichotoka. Mdogo wangu akamwelezea kwa Kiitaliano kwamba kaka yangu ni mgeni, katoka Tanzania, hajui. Yule mzee akauliza hajui nini? Nikasema sijui habari yenyewe vizuri, najua tu kulikuwa na ajali ya ndege ya timu. Akavaa kofia yake, akanisogelea, akanishika kiwiko akaniweka mbele ya jiwe, akaanza. Mdogo wangu anatafsiri, na kuna mahali alikuwa ananyamaza kwanza ndo anatafsiri.

Mwaka 1949 yeye alikuwa na miaka saba. Baba yake alikuwa anampeleka Filadelfia, uwanja wa Torino wa wakati huo, mdogo, watu wamekaa karibu kabisa na wachezaji. Timu ile haikuwa na mpinzani Italia. Ubingwa wa 1943, ligi ikasimama kwa vita, halafu 1946, 1947, 1948, wanaelekea wa 1949. Msimu wa 1947/48 walifunga mabao 125, Alessandria walipigwa 10-0. Mei 1947 Italia ilicheza na Hungaria, ndani ya kumi na moja kumi walikuwa wa Torino. Hebu fikiria timu ya taifa nzima ni klabu moja, imebaki nafasi ya kipa tu.

Kulikuwa na shabiki mmoja jukwaani na tarumbeta. Mechi ikiwa ngumu anapuliza, na kapteni Valentino Mazzola akiisikia anakunja mikono ya jezi, kulia, halafu kushoto. Mzee alinionyesha, alivuta mikono ya koti lake mpaka kwenye viwiko, ngozi yake imejaa madoa ya uzee, akasema baba yangu alikuwa ananiambia sasa tazama, maana Mazzola akishakunja hivi wale wengine wamekwisha. Robo saa wanafunga matatu, manne. Waliiita robo saa ya granata, hiyo granata ndo rangi yao.

Sasa ile safari haikuwa hata ya mashindano. Kapteni wa Benfica, Francisco Ferreira, alikuwa na mechi yake ya heshima Lisbon, Mazzola akamkubalia kuleta timu. Wakacheza tarehe 3 Mei, Benfica wakashinda 4-3, kesho yake wakapanda ndege kurudi, wakapitia Barcelona. Saa kumi na moja jioni mji umefunikwa na mawingu na mvua, ndege inashuka kuutafuta uwanja wa ndege, ikagonga huu ukuta. Mzee aliuweka mkono ukutani aliposema hivyo. Huu huu. Watu 31, wachezaji 18, makocha, viongozi, waandishi wa habari watatu, na wafanyakazi wa ndege. Hakupona hata mmoja. Aliyekuja kuitambua miili ni Vittorio Pozzo, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia 1934 na 1938, vijana wengi pale alikuwa amewafundisha mwenyewe timu ya taifa.

Kocha mmoja kwenye ile ndege, Egri Erbstein, alikuwa Myahudi wa Hungaria, aliponea chupuchupu wakati wa Wanazi, akarudi Torino baada ya vita kuendelea na timu yake. Niliposikia hiyo sikuwa na la kusema. Mtu anavuka yote yale halafu anaishia hapa kwenye ukungu.

Mzee anachokumbuka yeye si mlio wala moto, anakumbuka baba yake aliingia nyumbani jioni akakaa bila kuvua viatu, chakula kikapoa mezani. Na anakumbuka mazishi, zaidi ya watu laki tano barabarani, yeye yuko begani kwa baba yake, majeneza yanapita juu ya malori. Ligi ilikuwa imebakiza mechi nne, Torino wakachezesha watoto wa timu ya vijana, na wapinzani wote wanne nao wakapanga vijana wao. Wakashinda zote. Mwaka uliofuata Italia ilienda Brazil kwenye Kombe la Dunia kwa meli, siku nyingi baharini, ndege hawakuitaka tena.

Halafu akataja kikosi. Nilifikiri atasoma kwenye jiwe, lakini aliligeuzia mgongo, akanitazama mimi usoni. Bacigalupo, Ballarin, Maroso, Grezar, Rigamonti, Castigliano, Menti, Loik, Gabetto, Mazzola, Ossola. Bila kuvuta pumzi, kama sisi tulivyokuwa tunakariri jedwali la mbili.

Mwisho akanigusia begi. Akasema ile uliyoficha, sina ugomvi nayo, ila si mahali pake hapa. Nyinyi mna 39 wenu waliokufa uwanjani Heysel, Brussels 1985, sisi tuna 31 wetu, na wapo wapumbavu kwenu na wapo wapumbavu kwetu wanaoimba kuhusu maiti za wenzao. Kumbe yeye mwenyewe maisha yake yote alifanya kazi Fiat, kampuni ya magari ya familia ya akina Agnelli, na akina Agnelli ndo wenye Juve tangu 1923. Wiki nzima mshahara wake unatoka kwa mwenye Juve, Jumapili yuko uwanjani na Toro, ndo wanavyoiita Torino.

Tulivyorudi kituoni kitreni cha mwisho kilishaondoka. Giza, ukungu, mdogo wangu meno yanagongana. Tukapiga simu kutafuta taksi, dereva anataka euro 40, yaani laki na zaidi kushuka mlima tu. Nikawa nabishana na mdogo wangu kama tutembee au vipi, taa za gari zikatumulika, ni yule mzee na kigari chake kidogo. Pandeni.

Hakutupeleka nyumbani moja kwa moja. Alizungukia Corso Re Umberto akapunguza mwendo, akatuonyesha barabara. Hapa Gigi Meroni, winga, miaka 24, nywele ndefu, anajibunia nguo mwenyewe, wanamwita kipepeo, Oktoba 1967 anavuka baada ya mechi gari likamgonga. Aliyekuwa anaendesha ni kijana shabiki wa Toro, chumbani kwake ana picha ya Meroni. Wiki moja baadaye wakacheza derby wakaifunga Juve 4-0. Na huyo kijana alikuja kuwa rais wa klabu mwaka 2000. Nilimuuliza mdogo wangu umetafsiri sawa? Akamuuliza mzee tena. Ni hivyo hivyo.

Kesho yake tulipita Filadelfia, siku hizi timu inafanyia mazoezi pale, wamebakiza kipande cha jukwaa la zamani. Siku zingine sizikumbuki vizuri, nilikuwa nawaza nyumbani.

Maana baba yangu ni Simba wa zamani, tangu inaitwa Sunderland. Tukiwa wadogo akinywa chai jioni anatusimulia mechi ya uwanja wa Nyamagana, Mwanza 1974, Simba wanaongoza kwa bao la Adam Sabu, dakika za mwisho Gibson Sembuli akasawazisha, Sunday Manara akamaliza kazi, Yanga 2-1, na anasimulia kama ilikuwa jana. Sisi tulikuwa tunacheka, tunamwambia baba ile ya 6-0 ya mwaka 77 hujui, Kibadeni hat-triki? Hatukuwahi kumuuliza zaidi. Na mimi niliyekuwa namcheka nimesafiri mpaka Italia kununua skafu ya elfu sabini, jina la beki mmoja wa Simba ya 1974 silijui.

Usiku wa siku ile ya Filadelfia nikampigia baba. Nikamwambia baba nitajie kikosi cha Simba cha Nyamagana, naandika. Akauliza kuna nini huko, unaumwa? Nikasema hapana, nitajie tu. Akaanza, Mambosasa golini, akaenda, akaenda, namba tano akakwama. Nikasikia anamuuliza mama, mama anasema mimi nitajuaje. Akaniambia acha nilale nalo, akakata.

Saa kumi alfajiri simu ikaita, kwao ni saa kumi na mbili. Hakunisalimia. Akataja jina, akanitajia na mtaa aliokuwa anakaa, akasema sasa andika huyo, halafu tuendelee na namba sita.