Ramani ya Lamu ianzie kisimani

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Mtu ananijia na kiwanja chake cha Gadeni au Wiyoni, mitaa ya mji wa Lamu, ananieleza vyumba anavyotaka, ghorofa ngapi, baraza ielekee wapi. Nikimuuliza maji yatatoka wapi, jibu huwa ni moja: "Tutavuta bomba." Na bomba linavuta wapi? Linavuta Shela, kijiji jirani hapa kisiwani, chini ya milima ya mchanga.

Milima ile ndiyo tangi la mji wetu. Masika yakinyesha, mchanga unayanywa maji papo hapo kabla hayajakimbilia baharini. Yanashuka taratibu hadi yakutane na maji ya chumvi, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, yanakaa juu yake. Hesabu yake hunikosesha usingizi. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na karibu mita 40 zilizo chini yake. Ukipiga pampu ukaishusha ile ya juu kidogo tu, chumvi inapanda kwa kishindo. Bahari nayo inazidi kuinuka, kwa hiyo tunabanwa juu na chini.

Ndiyo maana nikiona nyumba ya kifahari inapandishwa juu ya mchanga wa Shela moyo unaniuma. Saruji yake inafunika mahali mvua inapopaswa kuingia. Shimo la choo chake linachuruzika katika mchanga uleule. Halafu inachimba kisima chake, inafunga pampu, inajaza bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba ana hati na ana kibali. Ila anayekunywa maji hayo mtaani Langoni, huku mjini, hakuulizwa.

Mfano tunao hapo ng'ambo, kisiwani Manda. Takwa ulikuwa mji kamili, wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa na nyumba za mawe. Ulihamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa sana ni visima kugeuka chumvi. Watu wakavukia Shela. Mpaka leo wazao wao huenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi la mnara. Mimi naiona ziara ile kama somo la mipango miji, tena lenye heshima.

Wazee wetu hawakuwa na pampu, lakini kila tone walilijua linakokwenda. Paa la sakafu liliinamishwa kidogo, maji yakatoka kwa mlizamu, yaani mfereji wa paani, yakaingia jabia, tangi la kuwekea maji. Nyumbani kwa bibi yangu mtaani Mkomani kulikuwa na birika la kutawadhia, ndani mna visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene, na vijia vyembamba hivi kwamba nyumba moja humtilia jirani kivuli. Hakuna feni iliyohitajika adhuhuri.

Simwambii mtu arudie kila kitu cha zamani. Matumbawe hatuwezi tena kuyachimba ovyo, na boriti za mikoko zina mipaka yake. Mikoko ikiisha, ufuo utaliwa. Mabati nayo yanachoma, lakini kwa kukinga mvua yanashinda makuti. Pigeni hesabu nami. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Lamu hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, tukitoa sehemu ya tano kwa yanayopotea na ile mvua ya kwanza inayoosha vumbi, linakinga lita 72,000. Hayo ni madumu 3,600 ya lita 20, ambayo hayakutoka Shela wala hayakubebwa na punda. Jabia chini ya ua linagharimu, najua, na wateja wangu wengi hushtuka nikiwatajia. Lakini lijengwe pamoja na msingi, kwa maana kulichimba baadaye katikati ya nyumba zilizobanana ni taabu.

Huko bara, Mokowe na Hindi, hofu yangu ni kubwa zaidi. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021, kila mtu anazungumzia mji mpya. Mji mpya una bahati moja ambayo Langoni hatuna: bado unaweza kupangwa kabla ya watu kujaa. Mikondo ya maji iachwe wazi. Barabara zielekezwe zipokee pepo za kusi na kaskazi, na miti ipandwe kabla ya nguzo za umeme.

Kwenye mkutano ujao wa maoni ya umma nitapeleka mambo mawili. Kwanza, mpaka wa milima ya Shela uwekewe vigingi vinavyoonekana, na pasitolewe kibali chochote cha kujenga ndani yake. Pili, ramani isiyo na jabia na mlizamu isipigwe muhuri. Zangu nimeshaanza kuzichora hivyo, hata kwa mteja ambaye hakuomba, na nikimkabidhi namwonyesha jabia kwanza, vyumba baadaye.