Kumbukumbu ya mradi: kuukinga unga wa alumini ndani ya rangi ya maji

Wiki ya kwanza. Nilichanganya unga wa alumini usio na kinga yoyote na rangi ya akriliki ya maji yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya karibu 9, kisha nikavalisha mdomo wa chupa puto. Siku ya tatu puto lilikuwa limesimama. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, lakini utando huo hudumu tu pale pH inapokuwa kati ya 4 na 8.5 hivi; rangi nyingi za maji hutiwa amonia au amini (jamaa ya amonia) ili akriliki, yaani chembe za plastiki zinazoishika rangi, isigande, kwa hiyo utando huyeyuka, maji huifikia metali na gesi ya hidrojeni hutoka. Kwa hesabu yangu, gramu 1 ya alumini ikiliwa yote hutoa zaidi ya lita 1 ya gesi hiyo, tena inayowaka, ndiyo maana sifungi chupa hizi kwa kizibo cha kukaza.

Wiki ya pili. Nilishusha pH, gesi ilipungua, lakini akriliki ikaanza kufanya madonge. Njia hiyo nimeiacha.

Wiki ya tatu. Niliulowesha unga usiku kucha kwa esta ya fosfati, dawa ambayo molekuli zake zina upande wa fosfati na mkia wa mafuta, kabla haujakutana na maji. Upande wa fosfati hung'ang'ania metali na mkia wake wa mafuta huyafukuza maji. Matokeo yalikuwa mazuri, ila nilipozidisha dawa, rangi iliyokauka ilibanduka ilipolowa. (Kromati, yaani chumvi za kromiamu, nazo huzuia gesi, lakini kromiamu ya aina hiyo husababisha saratani, hivyo sikuzigusa.) Puto nalo huvujisha hidrojeni, kwa hiyo sasa ninaikusanya gesi katika silinda ya kupimia iliyopinduliwa ndani ya maji.

Wiki ya saba. Niliuvika unga ganda la silika, kitu kama kioo, kwa kudondosha tetraethoksisilani (kimiminika kinachogeuka silika) polepole katika ethanoli yenye maji na amonia kidogo. Baada ya siku 28 silinda haikuwa na gesi yoyote. Nusu nyingine ya unga huohuo, ambayo kwa haraka zangu niliikoroga kwa mashine, ilianza kutoa gesi siku ya nne, nami naamini chembe zake bapa zilipinda na ganda likapasuka. Chupa mpya, yenye ganda pamoja na esta kidogo, nimeikoroga kwa mkono. Leo ni siku ya 9, na rangi bado inang'aa.