Tendegu la mninga: nilivyomtengenezea kaka yangu vepu

Kaka yangu anaishi Ujiji, mimi niko Tabora mjini, Isevya. Amevuta sigara tangu ujana wake. Mwaka juzi alikuja kwa treni kwenye msiba wa shangazi, na usiku wa tatu, tumekaa nje, akaniambia: "Mdogo wangu, wewe si fundi? Nitengenezee hiyo sigara ya umeme, vepu. Ninazonunua zinakufa baada ya wiki mbili, na sigara narudia palepale."

Nilimwambia ukweli kwanza. Nikotini iliyomo ni ileile, na mimi si daktari wa kumwambia kifua chake kitapona. Akajibu, "Najua. Nataka kitu ambacho hakitanifia mkononi." Nikakubali.

Kazi yangu ya kila siku ni redio na simu. Lakini nyuma ya nyumba nina kibanda cha bati chenye meza, jiriwa, drili, patasi tatu na misasa, na huko ndiko ninakomalizia jioni zangu. Kazi ya kuchomea waya kwa risasi naijua. Kazi ya mbao nilikuwa naipenda tu, na hapo ndipo nilipopata shida ya kwanza.

Kasha la kwanza la hiyo vepu nililichonga mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inanyesha, kwa mninga niliouziwa kama mbao kavu. Lilikaa vizuri sana, mfuniko ukiingia kwa mlio mdogo kama wa droo nzuri. Mwezi wa nane, upepo mkavu wa hapa kwetu ulipokolea, mfuniko ulikuwa umejikunja na mwanya ukawa unaingiza kucha. Nilimpelekea seremala mmoja mzee ninayemheshimu sana. Aligeuza kasha mara moja tu. "Huu mti ulikuwa bado na maji yake, kijana. Ulipima?"

Sikujua kama mbao inapimwa. Akanielekeza: chukua kipande, kipime uzito kila wiki, uandike. Uzito ukiacha kushuka, ndipo mbao imekauka. Nilikwenda kwa sonara mjini, yule ninayemtengenezea redio yake, nikamwomba mzani wake wa dhahabu. Vipande vyangu vya mninga vilishuka wiki sita mfululizo.

Sikuwa na subira ya kungoja kila kipande, ndipo nikakumbuka kitanda cha bibi. Kilikuwa kitanda cha kamba, kimevunjwa tangu bibi afariki, matendegu yake manne yamelala juu ya dari ya stoo kwa mama. Nilikwenda kumwomba. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Chukua moja. Matatu yaache." Nililipima kwa wiki tatu na halikupungua hata gramu moja.

Nje tendegu lilikuwa jeusi kwa mikono na moshi wa miaka. Nilipopitisha msumeno, ndani palitoka kahawia yenye dhahabu, na mistari myembamba ya rangi ya chai nzito. Pembeni kulikuwa na ukanda mweupe wa mbao ya nje, ile inayopitisha utomvu, upana wa kidole kidogo. Mafundi wengi wanaukata ule weupe na kuutupa. Mimi niliuacha upite upande mmoja wa kasha, kwa sababu pale weupe unapokutana na kahawia ndipo unapoona kwamba huu ulikuwa mti. Kama utafanya kazi na mninga, funga pua kwa kitambaa au barakoa. Vumbi lake linawasha, na kwa mwenye pumu ni hatari.

Kasha lilikuwa na urefu wa milimita 85, upana 55, unene 28. Ndani nilichimba chumba cha betri kwa biti ya milimita 20, nikasafisha kwa patasi. Betri yenyewe ni ile iitwayo 18650, na jina hilo ni kipimo chake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Mfuniko unashikwa na sumaku ndogo nne nilizozitoa kwenye spika za simu mbovu.

Kwenye umeme nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Nilianza kwa kuunganisha swichi moja kwa moja kati ya betri na koili, yaani waya unaopata moto na kugeuza majimaji ya vepu kuwa mvuke. Ni kosa. Swichi ndogo ya kubonyeza haikutengenezwa kubeba ampia nne au tano. Baada ya siku chache plastiki yake ililainika na kitufe kikabaki kimezama. Dawa yake ni transista ya aina ya mosifeti. Swichi inabeba umeme kidogo sana wa kuiambia mosifeti ifungue, na mosifeti ndiyo inayobeba mzigo. Nilitumia IRLB3034, inayofunguka vizuri kwa volti za betri moja. Ina miguu mitatu: wa kwanza ni geti, unaopokea amri kutoka kwenye swichi, wa kati unakwenda kwenye upande hasi wa koili, wa tatu unarudi kwenye hasi ya betri. Chanya ya betri inapanda moja kwa moja hadi pini ya kati ya soketi pale juu, panapofungwa sehemu yenye koili.

Sasa sikiliza kilichonipata. Niliunganisha vyote, nikajaribu, ikafanya kazi, nikaiweka mezani nikaingia ndani kula. Niliporudi kibanda kilinuka pamba iliyoungua, ile ya kwenye koili inayonyonya majimaji. Koili ilikuwa nyekundu, peke yake, hakuna aliyegusa kitufe. Nilichomoa betri kwa kitambaa. Nilikuwa nimesahau rizista moja, ya kilo-omu 15, inayounganisha geti na hasi. Bila rizista hiyo, ukiachia kitufe geti linabaki halina amri; chaji ndogo iliyosalia, hata ya kidole kilichopita karibu, inaweza kuliacha wazi. Rizista ya bei ya pipi. Kama nisingerudi mapema, kibanda kizima kingekwenda. Tangu siku ile rizista hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachochomea risasi, kabla ya waya wowote.

Jambo la pili ni fyuzi. Nilinunua fyuzi ya gari ya ampia 7.5, ile ndogo ya kahawia, kwenye duka la spea, nikaiweka karibu kabisa na chanya ya betri. Kisha nikafanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye akiwa nje, mbali na nyasi: niligusanisha nguzo mbili za koili kwa makusudi na kubonyeza. Fyuzi ilikatika papo hapo. Betri haikupata hata joto. Niliweka fyuzi nyingine na roho ikatulia.

Betri usiichomee risasi moja kwa moja. Joto linaiharibu ndani. Nilikata vibao vidogo vya shaba vya kuigusa juu na chini, bila springi, maana springi nyembamba ikipitisha umeme mwingi inapata moto na kulegea. Chini ya kasha nilitoboa matundu matatu ya milimita 6. Betri ya lithiamu ikiharibika inatoa gesi kwa nguvu, na gesi isipopata njia, kasha linageuka bomu. Kaka aliyaona akadhani ni urembo. Nikamweleza.

Na betri yenyewe. Kuna zinazouzwa zimeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba betri. Hakuna 18650 inayofika hata nusu ya hiyo. Nilinunua mbili za namna hiyo kabla sijajua, na mzani wa sonara ndio uliozifichua. Betri nzuri ina gramu 45 hivi; zile zilikuwa nyepesi mno, mojawapo haikufika gramu 30. Sonara alicheka, akasema ameshazoea watu kumletea dhahabu ya namna hiyo. Zilizotoka kwenye kompyuta mpakato za zamani ni za kweli, lakini nyingi hazikutengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Mwishowe niliagiza Samsung 25R kwa mtu ninayemwamini Dar es Salaam, ikaja na basi. Ina 2500 mAh na inaruhusiwa kutoa hadi ampia 20.

Hesabu ya koili ni ileile ya shuleni: gawanya volti kwa omu, unapata ampia. Betri ikijaa ni volti 4.2. Nilitumia waya wa Kanthal, aloi ya chuma, kromi na aluminiamu, unene wa milimita 0.4, mizunguko saba kwenye biti ya milimita 3. Mita ilisoma karibu omu 1. Kwa hiyo ampia 4.2, na nguvu wati 17 na kitu. Vijana wanapenda koili za omu 0.2 ili moshi ujae chumba. Hiyo ni ampia 21, zaidi ya kile betri hii inachoruhusiwa, na kwa kasha lisilo na kompyuta ya kulilinda siwezi kumpa mtu ninayempenda. Nilimwekea kaka koili ya kutosha koo lake, basi.

Kazi ya kumalizia ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Nilianza na msasa namba 120, nikapanda 180, 240, 320, 400, kila mara nikifuata mstari wa mbao. Baada ya 240 nilipitisha kitambaa chenye maji kidogo, nikaacha ikauke usiku kucha. Asubuhi mbao ilikuwa na vinyweleo kama shavu la kijana wa miaka kumi na sita. Hivyo vinyweleo vingesimama siku ya kwanza ya jasho la mkono. Afadhali uvisimamishe mwenyewe na uvikate.

Kasha la majaribio nililipaka vanishi. Linang'aa siku ya kwanza, lakini majimaji ya vepu yalipovuja kidogo kutoka juu, vanishi ililainika ikaanza kunata. Niliikwangua yote. Kwa tendegu la bibi nilifanya hivi: kuzunguka soketi ya juu na ndani ya chumba cha betri nilipaka epoksi nyembamba, ili unyevu usipate njia. Nje nilipaka mafuta ya kitani mara nne, siku mbili kati ya kila mkono, nikifuta yanayobaki. Vitambaa vya mafuta hayo usivikunje ukavitupa pembeni. Vinapokauka vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Mimi navitandaza kwenye kamba nje.

Mwisho, nta. Sisi watu wa Tabora nta tunayo. Niliipata Sikonge kwa mrina asali, ikiwa bado na vipande vya masega na harufu ya moshi. Niliiyeyusha kwenye kikopo kilichosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja, nikaichuja kwa kitambaa, nikachanganya sehemu moja ya nta na nne za mafuta. Ikapoa ikawa kama siagi. Nilipaka kwa kipande cha khanga kuukuu, nikasugua hadi mkono ukachoka. Dakika kumi hivi ulipita ukungu tu, halafu ghafla ule mstari wa weupe na kahawia ukajitokeza kama umelowa, na kasha likawa na uvuguvugu wa kitu kilichoshikwa muda mrefu. Nilikaa nalo mkononi hadi mke wangu akaniita mara ya pili.

Kuhusu majimaji ya nikotini sikuchanganya mwenyewe. Tumekulia Urambo, kwenye tumbaku. Mtoto wa Urambo anajua asubuhi ya umande: unachuma majani mabichi, mikono inalowa, na kabla ya saa nne unatapika, kichwa kinazunguka. Ile ni nikotini inayopita kwenye ngozi. Nilimnunulia kaka ya kiwango cha chini, iliyofungwa, nikampa na glovu, nikamwambia chupa ikae ndani ya kabati lenye kufuli, maana ana wajukuu.

Alikuja kuichukua mwezi wa kumi. Aliigeuzageuza, akapitisha dole gumba juu ya ule mstari mweupe. "Hii mbao naijua," akasema. Nikamwambia ni tendegu la kitanda cha bibi. Hakusema kitu kwa muda. Akauliza ni tendegu la upande gani, wa kichwani au wa miguuni. Sikujua.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu. Ujiji iko ziwani, hewa yake ina unyevu. Tabora mwezi ule ilikuwa imekauka kama mfupa. Mbao ingesafiri kutoka hewa moja kwenda nyingine, na kasha la kwanza lilikuwa limenifundisha. Aliporudi mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikinyesha, nilimpokea stesheni na kabla ya habari za nyumbani nikamwomba kasha. Lilikuwa limekolea rangi, pembe moja imechubuka kidogo. Nilichana kipande cha tiketi yake na kujaribu kukipenyeza kati ya kasha na mfuniko, pande zote nne.

Hakikuingia.